Jibu: Muuguzi anayekwenda kufundisha chuo kikuu haiachi wodi

Ndugu, umeuliza kama muuguzi anayeingia kwenye ualimu wa chuo kikuu na utafiti anakuwa ameitupa taaluma yake. Kwa maoni yangu, hapana. Mfano ninaouheshimu ni wa Linda Aiken wa Marekani, aliyewahudumia wagonjwa wa upasuaji wa moyo kabla ya kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Jambo ambalo kila muuguzi wa zamu ya usiku analifahamu, kwamba wagonjwa wakizidi mno huduma hulegea, yeye alilipima: utafiti aliouongoza, uliochapishwa mwaka 2002, ulichunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania na kuonyesha kwamba kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 7. Asiyewahi kushika zamu pengine asingeuliza swali hilo. Kwa hiyo usiikimbilie shahada ya uzamili. Kaa kwanza wodini, uandike yanayokusumbua, na ukishaajiriwa chuoni uombe kuwasimamia wanafunzi katika mafunzo kwa vitendo, ili uendelee kuwagusa wagonjwa wenyewe.