Mwongozo wa cowsay: ng'ombe anachorika vibaya

Mkuu, umesema umeongeza opsheni mbili kwenye cowsay yako (ile programu ya terminali inayochora ng'ombe anayeongea), sasa unataka kuusahihisha mwongozo wa man, yaani ule ukurasa wa maelezo unaofunguliwa kwa amri ya man, ila ng'ombe uliyemchora mle anatoka kama amegongwa na gari. Hilo la ng'ombe ni bekslashi (\) tu. Kwenye faili ya man bekslashi ni alama ya amri, kwa hiyo inamezwa, we andika \e kila unapotaka ionekane, halafu mchoro wote uweke kati ya .nf (acha kupanga mistari) na .fi (anza tena kupanga) la sivyo mistari itaunganishwa na miguu itaishia kwenye tumbo. Na mstari ukianza na nukta utapotea pia, tanguliza \& mbele ya nukta.

Opsheni zenyewe wala hazisumbui, tumia .TP (amri ya kuweka jina la opsheni na maelezo yake chini), ila kistari kiandike \- ili mtu akikopi kwenye terminali kifanye kazi.

Mimi ningekagua na zile za zamani pia, -W bado inakata mistari kwenye herufi 40 au ulishabadilisha? Usisahau tarehe kwenye .TH, ule mstari wa kichwa cha ukurasa, wengi huisahau. Ukimaliza angalia kwa man -l ./cowsay.1 kabla hujainstoli. Utani uache humo humo bana, ni ng'ombe anayeongea, nani anataka mwongozo wa kununa?