Ayalandi mwezi wa Novemba: gesti zipo, ila nyingi zimefungwa

Mkuu, umesema wewe na shemeji yetu mnaruka kutoka Dar wiki ya mwisho ya Novemba, siku nane, gari la kukodi, na unauliza kama mnaweza kuzunguka bila kubuki, jioni mkifika popote mnatafuta gesti kama mtu anavyoshuka Babati au Singida usiku na akalala. Mimi na mke wangu tulifanya hivyohivyo mwaka 2024, tukavuka na gari letu kwa meli kutoka Holyhead, bandari ya Uingereza upande wa Wales, hadi Dublin. Vyumba havikuwa na shida. Shida ilikuwa milango.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno. Gesti ya kule haina mapokezi wala mlinzi, na haina ile sifa mbaya ya gesti zetu za uchochoroni. Ni nyumba ya familia. Wenyewe wanaiita B&B (kitanda na kifungua kinywa), watoto wameshakua wakaondoka, vyumba vyao sasa wanalala wageni, na mama mwenye nyumba ndiye anayekupikia asubuhi. Kwa hiyo msimu ukiisha anafanya ambalo wewe ungefanya: anazima taa ya kibao, anakwenda kwa wajukuu, anarudi kufungua karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrick mwezi Machi, wengine mpaka Pasaka. Kibao chenye jani la kijani kinabaki pale barabarani mwaka mzima. Usikiamini. Angalia kama kuna taa na gari uani.

Kosa letu la kwanza lilikuwa tarehe. Tuliingia Cork Ijumaa jioni ya wikiendi ya mwisho ya Oktoba tukijua watalii wameshaondoka. Kumbe Jumatatu ya mwisho ya Oktoba ni sikukuu, na wikiendi hiyo Cork wana tamasha lao kubwa la jazi kila mwaka. Mji mzima umejaa. Tulilala nje ya mji, kwa bei ambayo mpaka leo mke wangu hajui. Ninyi mtaikwepa hiyo, lakini kabla ya kukata tiketi yoyote ya Ayalandi angalia sikukuu zao na ratiba za mechi. Dublin hata Februari, katikati ya baridi, vyumba vinapanda bei Ayalandi wakicheza raga nyumbani.

Kosa la pili ndilo linalokuhusu. Alhamisi iliyofuata, tarehe 31, tulifika Doolin, kijiji cha pwani karibu na majabali ya Moher. Saa za huko zilikuwa zimerudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ile, kama kila mwisho wa Oktoba, hivyo giza linaingia mapema, jambo ambalo nililijua kichwani lakini sikuliweka kwenye safari. Tulipofika saa kumi na mbili jioni giza lilikuwa giza kweli, mvua inakuja kwa ubavu, na nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote taa zimezimwa. Ya nne mama akafungua mlango haraka, ameshika bakuli la pipi. Ilikuwa Halloween, usiku ambao watoto wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, alidhani sisi ni watoto wa jirani! Akacheka mpaka akashika ukuta. Akatuambia alifunga tangu Jumatatu, mashuka yameshatolewa, boila imezimwa, hawezi kutulaza. Lakini hakutuacha pale. Alituingiza jikoni, akatupa chai ya maziwa nzito kama ya kwetu, akapiga simu mbili tatu, na simu ya tatu ikatupatia chumba Ennis kwa mtu anayemfahamu. Wenye nyumba hizi wanajuana, na nje ya msimu wanapeana wageni badala ya kugombania.

Hapo ndipo tulipobadilisha mwendo, na huo mwendo ndio ninaokushauri. Acha kuhamahama kila usiku. Chagueni miji miwili inayoishi mwaka mzima, yenye shule, hospitali, watu wanaokwenda kazini, kisha zungukeni kutoka hapo. Kwa siku zenu nane ningelala Dublin usiku wa kwanza na wa mwisho, katikati Killarney na Ennis, au Galway kama mnapenda mji wenye watu. Kutoka Killarney mtafika Kenmare, Dingle, na kuzunguka ile njia ya Ring of Kerry, kilomita 179, mkarudi kulala kitanda kilekile. Kutoka Ennis majabali ya Moher ni chini ya saa moja. Mkihama kati ya miji hiyo miwili msipitie Limerick. Pandeni pantoni ya Tarbert kwenda Killimer, dakika 20 tu mtoni, na inafanya kazi hata majira ya baridi. Ila angalieni safari ya mwisho ni saa ngapi.

Mwisho wa Novemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu jioni. Ramani ya simu itakwambia saa mbili za safari, barabara itataka tatu, maana ni nyembamba, kuta za mawe pande zote, na tangu Februari 2025 barabara ndogo za vijijini mwisho ni kilomita 60 kwa saa. Afadhali wanaendesha kushoto kama sisi. Hata soketi zao ni kama zetu, usinunue adapta.

Kupata chumba chenyewe: tumia programu za kubuki kuona nani amefungua, halafu piga simu. Programu mara nyingi inaonyesha "hakuna nafasi" kumbe mwenyewe ameifunga tu kwa sababu hataki mgeni wa saa nne usiku. Ukimpigia kabla ya saa sita mchana akasikia sauti ya mtu mstaarabu, anawasha joto. Muulize mambo matatu: joto linawaka saa ngapi, bei ni ya chumba au ya kichwa (wengi wa zamani wanataja bei ya mtu mmoja kwa wawili wanaochangia chumba, mimi nilishangilia yuro 50 nikalipa 100), na Eircode yake. Hiyo Eircode ni herufi na tarakimu saba, kila nyumba ina yake peke yake. Vijijini nyumba hazina namba, ukikosa Eircode utazunguka kwenye mashamba ya kondoo mpaka usiku wa manane. Muulize pia wapi pa kula, kwa sababu baa nyingi jiko linafungwa kama saa mbili usiku hata kama bia inaendelea.

Kifungua kinywa ni kikubwa lakini soseji na nyama za kukaanga zote ni nguruwe, na ile soseji nyeusi ni damu. Kama hamli, mwambie usiku uleule, siyo mezani. Sisi tulipewa mayai, samaki wa moshi na mkate wa kahawia wa magadi, na hatukuhitaji chakula cha mchana.

Viza ni ya Ayalandi yenyewe, ile ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, haiingii. Na msijisahau mkavuka kwenda Belfast kwa sababu barabarani hakuna geti, kule ni Uingereza na viza nyingine. Kila asubuhi angalieni onyo la Met Éireann, idara yao ya hali ya hewa: njano endesheni taratibu, chungwa fikirini mara mbili, nyekundu kaeni ndani. Januari 2025 dhoruba ya Éowyn ilifika kilomita 183 kwa saa pwani ya Galway na nyumba laki kadhaa zikakosa umeme.

La mwisho ni dogo. Bafuni mtakuta kamba inaning'inia kutoka darini. Hiyo ndiyo swichi ya maji moto. Mimi niliogopa kuivuta nikidhani ni kengele ya hatari, nikaoga maji ya barafu siku mbili Ennis, wakati mke wangu anatoka bafuni kila asubuhi akiwa na mvuke mabegani na hasemi kitu.