Bodi mpya, mota ya zamani: kwa anayeanza kufufua servo za kale

Karibu kila anayeanza kufufua servo za rimoti za miaka ya 1960 na 1970, vile vijisanduku vya mota na gia vinavyogeuza mkono mdogo wa kuongoza ndege au gari la rimoti, huwa na haraka ya kitu kimoja tu: bodi ya elektroniki. Anaikata ya zamani, anapachika iliyotoka kwenye servo ya kisasa, anachomeka betri na kusubiri miujiza. Mimi nilifanya hivyohivyo na servo yangu ya kwanza. Mkono ulikimbia hadi ukingoni, ukajikaza pale huku mota ikinguruma, na kabla sijawahi kuchomoa nikasikia "tak!" Jino la gia ya nailoni lilikuwa limekatika, na gia yenyewe haitengenezwi tena. Bodi nayo ilikuwa nzima kabisa, haina kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye nyaya mbili. Kazi ya bodi ni kulinganisha mambo mawili: urefu wa mpigo wa umeme unaotoka kwenye risiva (kipokezi cha rimoti), na volti inayosomwa kwenye potenshiometa, rezista inayozunguka pamoja na mkono na kuonyesha ulipo. Vikitofautiana, inaizungusha mota mpaka vilingane. Ukifunga nyaya za mota kinyume, kila ikijaribu kusahihisha inazidi kupotea, na mkono unakwenda kugonga ukuta. Dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili za mota. Servo ikiwa imetulia lakini inageukia upande usioutaka, hapo ndipo unabadilisha nyaya za mota pamoja na zile za ncha mbili za potenshiometa. Ukibadilisha jozi moja tu, umerudi kwenye "tak".

Siku hizi sijaribu servo yoyote nikiwa nimefunga gia zote. Natoa gia ya kati, mota ibaki inazunguka bure, kisha nawasha na kupeleka mpigo wa milisekunde 1.5, yaani wa katikati. Nageuza potenshiometa polepole kwa kidole. Kuna mahali mota inasimama. Ukipita hapo inaanza kuzunguka upande wa pili. Fuatisha kwa macho jinsi gia zingesukuma: mota inatakiwa iwe inarudisha kule ulikotoka. Kama ingezidi kukusukuma mbele, zima, geuza nyaya za mota, jaribu tena. Ni dakika mbili tu, na hakuna jino linalovunjika.

Kabla ya kukata chochote, pima. Potenshiometa ina miguu mitatu, na rangi za nyaya za zamani usiziamini hata kidogo. Miguu miwili ambayo usomaji wake haubadiliki ukizungusha ndiyo ncha. Uliobaki ni wa kati, ule wa kitelezi kinachotembea juu ya kaboni. Servo nyingi za kisasa hutumia kiloomu 5, za kale zinaweza kuwa chini sana ya hapo, hata 1.5. Bodi yenye rezista zake mwanzoni na mwishoni mwa potenshiometa itafanya kazi na hiyo ndogo, ila mkono utafagia pembe kubwa kuliko ulivyotarajia. Angalia kama utagonga ukingo kabla mpigo haujafika milisekunde 1 au 2.

Mkono ukitetemeka katikati tu na kutulia pembeni, usiilaumu bodi. Servo ilikaa katikati karibu maisha yake yote, na hapo ndipo kaboni imelika. Alkoholi ya isopropili husaidia pakiwa ni uchafu. Pakiwa pamelika kweli, na potenshiometa inaruhusu, izungushe nyuzi chache ili katikati mpya iangukie sehemu ambayo haijachakaa.

Sasa mota, na hapa ndipo wengi wanaungua. Servo nyingi za enzi za Kraft na Orbit, chapa za rimoti za wakati huo, zilikuwa na nyaya nne, kwa sababu betri ya seli nne za volti 1.2 ilitolewa waya katikati. Mota ilifungwa kwenye waya huo, na transista ziliivutia upande wa chanya au wa hasi. Kwa hiyo haikuwahi kuona zaidi ya volti 2.4. Bodi ya kisasa inatumia nyaya tatu na inaipa mota betri nzima, volti 4.8. Chukua mota ya omu 4: ikikwama, zamani ilivuta ampea 0.6, leo inavuta 1.2, na joto ni mara nne. Hata isipokwama inakwenda kasi mno, inapita katikati, inarudi, inapita tena, mkono unapepesuka kama mlevi.

Chagua bodi ya servo ambayo mota yake ilikuwa na omu sawa na yako au pungufu. Pima huku ukizungusha ekseli taratibu, maana brashi hurukaruka na kudanganya mita. Bodi za servo ndogondogo ziache. Chipu yake haitabeba mzigo huo. Mota ikizidi kasi, rezista yenye omu sawa na zake, ikifungwa mfululizo nayo, inairudisha karibu na maisha yake ya zamani. Mimi huona afadhali kubadilisha mota kabisa kama ekseli inakubali gia ile ya zamani, ingawa nawajua wapenzi wa vitu vya kale watakaonuna wakisoma hivi. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya miguu ya mota usiisahau, la sivyo risiva itasumbuka.

Waya wa hasi ukiwa mweusi ndani ya mpira, lehemu haitashika hata uifanyeje. Ni kutu iliyotambaa kutoka kwenye betri ya nikeli-kadimiamu iliyovuja. Tupa waya wote, usikate kipande. Waya wa nne, ule wa katikati ya betri, uzibe. Kwenye plagi, servo za leo zina chanya katikati, lakini kuna za zamani zenye hasi hapo, kwa hiyo fuata mita.

Mara ya kwanza washa kwa chanzo kilichowekewa kikomo cha nusu ampea, volti 4.8 na si 6. Ikipita, funga gia zote, ichezeshe nusu saa, kisha gusa mota kwa mgongo wa kidole. Ile servo yangu ya kwanza, baada ya kuipatia gia kutoka kwa mwenzake aliyekufa, ilipita jaribio hilo ikiwa vuguvugu tu. Bodi ilikuwa ileile.