Wadogo zangu wa boma, mtoto wa pongo si wa kupakata

Wadogo zangu wa field, hasa nyie mlioripoti mwezi huu, naomba msome mpaka chini. Jumanne asubuhi nimeingia bomani, kwenye zizi letu la kulelea wanyama yatima, nikakuta mmoja wenu kakaa juu ya ndoo, mtoto wa pongo, yule jamaa ya swala anayekaa vichakani, kampakata chali kama kichanga, chupa mdomoni, wenzake watatu wanarekodi video ya kuweka status, na jina wameshampa. Sikugomba. Nilitoka nikasimama chini ya ule mkwaju kama dakika kumi hivi maana mikono ilikuwa inanitetemeka, na sababu yake iko namba 3.

1. Kwanza hakikisheni kweli ni yatima. Pongo jike akizaa anamficha mtoto kichakani halafu anaenda zake kula, anarudi kumnyonyesha na kumlamba, mpaka kinyesi cha mtoto anakila ili harufu isimwite chui. Kwahiyo mkikuta mtoto kalala kimya peke yake, macho maangavu, mwili mkavu, huyo hajatupwa jamani, huyo anamtii mama yake. Watu wa vijiji vya huku Wami wanatuletea kwa huruma kabisa, wamembeba kwenye kanga, na siwalaumu, ila mkipigiwa simu waambieni wamwache palepale, mbwa wafungwe, watu waondoke, na nyie mkachungulie jioni kwa mbali. Kama mama mmemwona kafa kwenye nyaya za mtego, au mtoto kanyong'onyea na nzi wamemjaa, hapo sawa. Na hata hapo simu ya kwanza ni kwa afisa wanyamapori, sheria ya mwaka 2009 iko wazi, mnyamapori ni mali ya umma na kukaa naye bila kibali ni kosa hata kama nia yako safi.

2. Chupa. Asimame kwa miguu yake minne, shingo ainyooshe juu kama anamfikia mama, hapo ndo maziwa yanapita pembeni ya tumbo kubwa yanaenda yanakotakiwa. Ukimlaza chali yanaingia kwenye mapafu, na homa ya mapafu kwa mtoto wa wiki mbili hamtaiweza. Maziwa ya mbuzi, uvuguvugu wa mwili, kidogo kidogo mara nyingi. Akishanyonya mfute nyuma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ye mwenyewe bado hawezi kujisaidia bila kulambwa. Mizani kila asubuhi kabla ya chupa ya kwanza. Mengine yako kwenye daftari la boma, lisomeni.

3. Hapa ndo nataka tukae.

Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa dume, la wiki moja tu, mama yake aliuawa. Sikuwa na mtoto wangu wakati ule, nilikuwa nakaa kambini peke yangu, na yule mnyama akanijaza moyo wote. Nilimpa jina, Sultani. Usiku wa kwanza nililala naye chini kwenye mkeka, na wa pili, na wa tatu, mpaka akawa hasinzii asiponisikia napumua. Alinifuata jikoni, mpishi akawa anamwekea maganda ya maembe, wageni wakija wanamshika masikio na mimi nasimama pembeni nimefurahi kama baba mwenye harusi. Kambini kulikuwa na mbwa wa mlinzi, mpole mno, wakawa wanalala kivuli kimoja, wananusana pua. Watu wote walisema mashallah angalia upendo huu. Na mimi nilisema hivyohivyo.

Kulikuwa na mzee mmoja Mzigua, alikuwa askari wa wanyamapori zamani, alinikuta siku moja nimemkumbatia akaniuliza, "Mwanangu, huyu ukimtoa hapa atamkimbia nani?" Nikacheka, nikadhani mzee ana roho ngumu. Lile swali nimelibeba mpaka leo.

Pembe zilipoanza kuchomoza tukasema sasa aende. Tukampakia kwenye gari, tukampeleka kilomita kama tisa ndani, sehemu nzuri, kichaka kizito karibu na maji, tukafungua mlango. Alishuka, akala majani mawili, akarudi kusimama pembeni yangu. Ikabidi tuondoke kwa kasi ili asitufuate na mimi nilikuwa nalia nikijua kabisa nimefanya jambo jema.

Siku ya nne asubuhi nikapigiwa simu kutoka kijijini. Sultani alitoka porini mwenyewe akaja mpaka pembeni ya shamba la mihogo, alisikia sauti za watu akadhani ndo nyumbani. Vijana walikuwa na mbwa. Waliniambia wenyewe, na naamini hawakunidanganya, kwamba hakukimbia. Mbwa walipokuja wanabweka alisimama tu, akanyoosha shingo, akawanyooshea pua. Nilifika na bodaboda bado anapumua. Aliposikia sauti yangu alijaribu kuinuka.

Wale mbwa hawana kosa, kijiji hakina kosa, mpishi hana kosa. Pongo anazaliwa na kitu kimoja cha kumlinda, woga, anagandia kimya kichakani, akishtuka anabweka mara moja na huyo kaenda. Hicho kitu nilimwondolea mimi, taratibu, usiku mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wa mapenzi. Nilikuwa najituliza mimi upweke wangu. Kwahiyo nikiona mnyama kapakatwa na simu inarekodi, sioni video nzuri, naona lile shamba la mihogo.

Na msije mkaniambia basi tumfuge moja kwa moja. Dume aliyelelewa na watu akikomaa anamhesabu mtu kama dume mwenzake, na zile pembe zinaingia tumboni.

4. Usafiri: kreti ya giza, kimya, alfajiri kabla ya jua. Msimkimbize hata hatua ishirini. Swala na jamaa zake wakikimbizwa na kushikwa kwa nguvu misuli inaharibika ndani kwa ndani, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, na anaweza kufa siku kadhaa baadae mkiwa mmeshasahau.

5. Kuachia ni taratibu, geti linafunguliwa, mnyama hatupwi. Baada ya Sultani nilikaa muda mrefu sana sijakubali kulea tena, mpaka akaja jike mmoja. Huyu hatukumpa jina, aliandikwa namba. Tulizungusha makuti mapya boma zima, urefu kupita kichwa cha mtu, ndani hakuna kuongea, chupa inapita kwenye tundu, mlezi mmoja tu, na akianza kutafuna tulimning'inizia matawi ya mkole na mkwaju usiku akiwa upande wa pili ili asijue yanatoka kwa nani. Mbwa akipita nje tuligonga debe mpaka ajifiche. Iliniuma jamani, alikuwa ananiita kile kilio chao chembamba na mimi nimekaa nyuma ya makuti nimejiziba mdomo. Boma lenyewe lilikuwa kulekule porini, tukafungua geti masika ilipokolea, majani kila mahali na pa kujificha pamejaa. Kwa wiki tatu hivi alikuwa anarudi usiku kula, tunaona kwato kwenye mchanga tuliofagia jioni, halafu akawa anaruka siku, halafu mchanga ukabaki msafi. Nilimwona tena vuli, kwenye njia ya kwenda mtoni, nimemjua kwa ile hereni ya sikio. Nilikosea nikamwita kwa sauti. Alinibwekea, mkia juu, akapotea kichakani, na nilifurahi mpaka nikakaa chini njiani.

Huyu mlonaye sasa ana wiki tano, bado hatujachelewa. Video zifuteni, na lile jina naomba lisitajwe tena pale bomani. Kesho saa 12 asubuhi naleta makuti, njooni na kamba na panga. Simu ziacheni ofisini, na atakayempa chupa ni mmoja tu, tutamchagua hukohuko nje kabla hatujaingia.