Maswali ya Wasomaji: Baada ya Ripoti ya Shrewsbury, Watu Walikasirikia Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Leicester, Uingereza, na ninatarajia mtoto wa pili. Kila tukikaa na wanawake wenzangu tukazungumzia hospitali, lazima itajwe ile ripoti ya vifo vya watoto wachanga huko Shrewsbury. Wengine wanasema ni uzembe wa wakunga, wengine wanasema serikali ilijua ikanyamaza, na wote huishia kuuliza kwa nini hakuna aliyefungwa. Uchunguzi ule uligundua nini hasa, na mbona hasira ya watu haijapoa?

JIBU: Ndugu yetu wa Leicester, hongera kwa ujauzito, na tunakuombea ujifungue salama. Ripoti unayoitaja ilitolewa tarehe 30 Machi 2022 na jopo lililoongozwa na Donna Ockenden, ambaye mwenyewe ni mkunga wa miaka mingi, nayo ilihusu huduma za uzazi katika hospitali za Shrewsbury na Telford, jimbo la Shropshire, jirani na mpaka wa Wales. Jopo lilipitia matukio 1,592 ya familia 1,486, mengi yakiwa ya kati ya mwaka 2000 na 2019, likafikia uamuzi kwamba watoto 201 wangepona, au huenda wangepona, laiti wangepata huduma iliyostahili. Kati yao, 131 walizaliwa wakiwa wamefariki na 70 walifariki baada ya kuzaliwa. Jopo lilichunguza pia vifo vya akina mama 12, na halikuona hata mmoja aliyehudumiwa kwa kufuata taratibu bora za wakati wake. Wapo vilevile watoto waliobaki hai wakiwa na madhara makubwa ya ubongo, ambao wazazi wao wanawalea hadi leo, na ambao katika mazungumzo ya watu husahaulika upesi kwa sababu hesabu ya vifo ndiyo inayoshika vichwa vya habari.

Makosa yenyewe yalikuwa ya aina ambayo mkunga yeyote wa Tanga au Kisumu angeyatambua. Mapigo ya moyo wa mtoto yalipimwa ovyo, au yalipimwa vizuri lakini karatasi ya mashine ikasomwa vibaya. Dawa ya kuongeza uchungu ilitumiwa pasipo uangalifu. Mkunga aliyeona hali inaharibika hakumwita daktari kwa wakati, au aliitwa daktari mdogo ambaye naye hakumwita bingwa. Juu ya hayo, kwa miaka mingi kiwango cha kujifungua kwa upasuaji katika hospitali hizo kilikuwa chini ya wastani wa Uingereza, na badala ya mtu kuuliza sababu, hospitali ikasifiwa kwa hilo. Mwanamke aliyehitaji kupelekwa chumba cha upasuaji aliendelea kusukumwa ajifungue kwa njia ya kawaida, kwa kuwa njia ya kawaida ilikuwa imegeuka kuwa sifa ya kujivunia.

Hata hivyo, sidhani kwamba makosa hayo peke yake yangewasha hasira ya kiasi kile. Watu wengi huelewa kwamba uzazi una hatari zake na kwamba daktari naye ni binadamu. Waliloshindwa kulimeza ni yale yaliyofanyika baada ya mtoto kufariki. Karibu asilimia 40 ya vifo vya watoto waliozaliwa wakiwa wamefariki havikufanyiwa uchunguzi wowote na hospitali yenyewe, na pale uchunguzi ulipofanyika, mara nyingi ulikuwa wa juujuu, usiofika kwenye chanzo. Baadhi ya akina mama walilaumiwa wao kwa kufiwa na watoto wao. Fikiria mama aliyetoka hospitali mikono mitupu, akaishi miaka kumi au kumi na tano akiamini kwamba mwili wake ndio uliomuua mtoto, kisha siku moja akasoma katika ripoti ya serikali kwamba mashine ilikuwa imeonyesha dalili za hatari na hakuna aliyeitazama. Huyo huomboleza mara ya pili, na safari hii ana wa kumkasirikia.

Tena, uchunguzi haukuanzishwa na hospitali wala na wakaguzi wake. Ulianzishwa na wazazi. Familia mbili, moja iliyofiwa mwaka 2009 na nyingine mwaka 2016, zilitafuta zenyewe familia nyingine zilizofikwa na msiba kama wao, zikafikisha kesi 23, na mwaka 2017 Waziri wa Afya wa wakati huo, Jeremy Hunt, akaagiza mapitio huru. Habari ilipoenea, kesi 23 ziligeuka kuwa familia 1,862 zilizohusishwa na uchunguzi, ingawa zilizopitiwa katika ripoti ya mwisho ni zile 1,486 tulizozitaja. Mwananchi wa kawaida akiona hesabu ikipanda namna hiyo hujiuliza swali la haki kabisa: hawa wote walikuwa wapi katika vitabu vya hospitali? Jibu ni kwamba walikuwamo, kila mmoja katika faili lake, na hakuna aliyepewa kazi ya kuyasoma mafaili hayo kwa pamoja.

Sasa nije kwenye suala la kufungwa, maana hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Mapitio ya Ockenden hayakuwa mahakama, wala hayakuwa tume ya kisheria yenye uwezo wa kumlazimisha shahidi afike na kula kiapo. Kazi yake ilikuwa kusoma kumbukumbu za matibabu, kusikiliza familia na watumishi waliokubali kuzungumza, na kupendekeza marekebisho. Polisi wa West Mercia walifungua uchunguzi wao wa jinai mwaka 2020, na hiyo ni njia tofauti yenye vigezo vyake vya ushahidi. Si rahisi kuthibitisha kwamba mtu mmoja anastahili hukumu ya jinai pale ambapo kosa limegawanyika kati ya mkunga mchovu, daktari aliyechelewa, msimamizi aliyeandika ripoti ya kuficha ukweli kwa maneno ya adabu, na bodi isiyouliza.

Hata tume yenye meno ya kisheria haina uwezo wa kufunga mtu. Uchunguzi wa vifo vya watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali ya Bristol, ulioongozwa na Profesa Ian Kennedy na kutoa ripoti yake Julai 2001, ulikuwa na mamlaka ya kuita mashahidi. Ulibaini kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja waliofariki walizidi kwa 30 hadi 35 idadi ambayo ingetarajiwa katika kituo cha kawaida cha aina hiyo, lakini madaktari waliofutiwa usajili walifutiwa na baraza lao la kitaaluma mwaka 1998, kabla tume haijaanza kusikiliza ushahidi.

Kuhusu hasira kutopoa, sababu nyingine ni kwamba watu wameshasikia ahadi zilezile mara nyingi mno. Mwaka 2015 ripoti ya Dk. Bill Kirkup kuhusu hospitali za Morecambe Bay, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ilisema watoto 11 na mama mmoja wangeweza kuokolewa, na ikaeleza tabia ileile ya kung'ang'ania kujifungua kwa njia ya kawaida. Oktoba 2022, miezi michache tu baada ya Shrewsbury, huyohuyo Kirkup akatoa ripoti nyingine kuhusu huduma za uzazi katika hospitali za East Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Juni 2025 Waziri wa Afya, Wes Streeting, akatangaza uchunguzi wa kitaifa wa huduma za uzazi nchini Uingereza. Mawaziri huomba radhi bungeni, kama Sajid Javid alivyofanya mwaka 2022, na naamini wengi wao huwa wanamaanisha wanachokisema, lakini aliyesikia radhi nne hawezi kuipokea ya tano kwa moyo mweupe.

Kwako wewe binafsi, usiogope kwenda hospitali, maana hatari ya kukwepa kliniki ni kubwa kuliko ya kuhudhuria. Ukiona mtoto amepunguza kucheza tumboni, piga simu wodi ya uzazi saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane na hata kama ulipiga jana. Ukihisi husikilizwi, omba daktari bingwa aitwe, na umwombe mumeo au dada yako aandike saa na jina la uliyezungumza naye. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu takwimu za vifo vya uzazi nchini Uingereza zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba mwanamke mweusi yumo katika hatari kubwa zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanamke mzungu. Anayekuona msumbufu mwache akuone hivyo.

SWALI: Mimi ni mkunga katika hospitali moja ya wilaya mkoani Morogoro. Ninaposoma habari za uchunguzi wa namna hii naogopa. Usiku mmoja naweza kuwa peke yangu na akina mama wengi walio katika uchungu, na likitokea baya mimi ndiye wa kwanza kuulizwa. Je, chunguzi hizi hazitufanyi sisi kuwa mbuzi wa kafara?

JIBU: Dada mkunga, hofu yako ni ya kweli, na ripoti ya Shrewsbury yenyewe inaitia nguvu. Katika majuma ya mwisho kabla ya kuchapishwa, baadhi ya watumishi waliokuwa wametoa maelezo yao kwa jopo waliomba yaondolewe, kwa sababu waliogopa kutambuliwa mahali pao pa kazi. Fikiria hilo: watu waliona watoto wakifariki, wakakubali kusema kwa siri, kisha hata siri hiyo wakaiona haitoshi kuwalinda. Huko Bristol, daktari wa usingizi Stephen Bolsin ndiye aliyeanza kuhesabu vifo na kuonya wakubwa wake, na mwishowe alihamia Australia kuendelea na kazi yake.

Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Umma unapomtafuta mtu mmoja wa kumsulubu, anayeumia haraka ni yule aliye karibu na kitanda, na yule aliyepanga mkunga mmoja kwa akina mama wanane hubaki ofisini. Ripoti ya Ockenden ilitaja wazi upungufu wa watumishi na wa mafunzo. Lakini nusu nyingine siwezi kukuachia. Uchunguzi wa haki ndio unaomwokoa mkunga aliyeandika kila kitu. Chati ya kufuatilia uchungu, ile mnayoiita patografu, ikijazwa kwa wakati wake huonyesha kwamba ulimwita daktari saa saba usiku na akafika saa kumi. Ikijazwa asubuhi kwa kukisia, haimsaidii mtu, wewe ukiwa wa kwanza.

SWALI: Uingereza walitumia miaka mitano kwa ripoti moja. Hapa Nairobi, mwaka 2018, gavana alikwenda Pumwani ghafla akakuta maiti za watoto na akawasimamisha wakubwa siku hiyohiyo. Je, huo si utendaji bora?

JIBU: Ndugu wa Nairobi, tunakumbuka vizuri. Mnamo Septemba 2018 Gavana Mike Sonko alifika hospitali ya uzazi ya Pumwani bila taarifa, zikaonekana maiti za watoto 12 zikiwa zimewekwa katika maboksi, na viongozi wa hospitali wakasimamishwa kazi papo hapo. Video ikasambaa, watu wakalia, wengi wakampongeza. Mimi sikumpinga kwa kwenda, maana kiongozi asiyefika wodini hajui kinachoendelea huko. Ninachokikataa ni kulihesabu tukio lile kuwa uchunguzi. Maiti 12 katika hospitali inayozalisha maelfu ya watoto kwa mwaka zinaweza kuwa ushahidi wa maafa, au ushahidi wa chumba cha maiti kisichofanya kazi, au vyote viwili, na kamera haiwezi kutofautisha. Kwa hilo anahitajika mtu wa kukaa na mafaili 12, moja baada ya jingine, na kuuliza kila mtoto alifika akiwa na hali gani, mama yake alitoka kituo gani, na nani alimwona saa ngapi. Kumsimamisha mganga mkuu kabla ya maswali hayo kunapoza umma kwa juma moja, na umma ukishapoa hakuna anayerudi kudai majibu.

Miaka mitano ni mingi, nakubali. Ilikuwa mingi kwa sababu vifo vya miaka ishirini vilirundikana pasipo kuchunguzwa. Kwetu zipo kamati za kupitia vifo vya akina mama na watoto wachanga, Kenya na Tanzania pia, ambazo kazi yake ni kukaa baada ya kila kifo, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Tafiti za kitaifa za afya za mwaka 2022 zilionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufariki ndani ya siku 28 nchini Kenya na 24 Tanzania. Kamati hizo zikikaa kweli, tena zikamwita mzazi na kumweleza walichokiona, hatutahitaji gavana wala kamera.

SWALI: Mtoto wetu alifariki wakati wa kuzaliwa, na hospitali haijatueleza sababu. Tuanzie wapi? (Baba, Dodoma)

JIBU: Poleni sana, wewe na mama yake, kwa msiba huu. Anza kwa barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, si kwa maneno ya mlangoni. Omba kikao cha maelezo, na uulize iwapo kifo hicho kimejadiliwa na kamati ya hospitali na ilionekana nini. Ombeni pia maelezo ya maandishi ya matibabu ya mama, na mtunze kadi yake ya kliniki. Msiporidhika, malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na dhidi ya muuguzi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Andikeni mnayoyakumbuka leo, saa kwa saa, kila mmoja peke yake kabla hamjalinganisha, na kila barua mnayoipeleka ipigwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala mtakayobaki nayo.