Kufundisha Kiingereza ng'ambo: Korea Kusini sahau

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama digrii yako ya ualimu inatosha kufundisha Kiingereza Korea Kusini. Haitoshi. Viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha, hupewa raia wa nchi 7 tu, na Kenya haimo, hata ukiongea kama Malkia. Jaribu Thailand au Vietnam: digrii, cheti cha TEFL (mafunzo ya kufundisha Kiingereza kwa wageni) cha saa 120, na mara nyingi watataka matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, kwa sababu ya pasipoti yako.

Cheti cha tabia njema omba eCitizen. Fomu C24, ya alama za vidole, ichapishe mbele na nyuma ya karatasi moja; ukileta karatasi mbili utarudishwa.

Wakala akikwambia uingie kwa viza ya utalii, mkimbie. Ukishikwa, atakayefukuzwa nchini ni wewe, si yeye.