Mji Uliobaki Bila Viwanda Vyake

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kuwa Lowell, mji wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, uliwahi kuvuma kwa viwanda vya nguo. Kwa nini vilifungwa, na sasa wakazi wake wanategemea nini?

JIBU: Ndugu msomaji, Lowell ulijengwa kwa sababu ya maji. Kuanzia miaka ya 1820, nguvu ya maporomoko ya Mto Merrimack ilipitishwa kwenye mifereji ili iendeshe mitambo ya kufuma pamba, ambayo mwanzoni ilihudumiwa hasa na wasichana waliotoka mashambani. Mvuke, na baadaye umeme, ulipowezesha kiwanda kujengwa popote, faida hiyo ilififia, na wenye mitaji wakahamia majimbo ya Kusini, kwenye pamba ya karibu na ujira mdogo.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba mji huo uliegemea tena nguzo moja: kampuni ya kompyuta ya Wang, iliyoleta ajira nyingi, kisha ikaomba kinga ya mufilisi, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai, mwaka 1992.

Leo ajira zimetawanyika zaidi, zikiwemo za chuo kikuu, hospitali na utalii, kwa kuwa sehemu ya viwanda vya zamani imekuwa hifadhi ya taifa ya kihistoria tangu 1978. Majengo mengine ya matofali yamegeuzwa makazi na ofisi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi hizi mpya hudai elimu ambayo mfumaji wa zamani hakuulizwa.